Kona Juu ya Kisima cha Gedi

Siku ile naikumbuka kwa sauti ya mtaimbo, mwanangu. Fundi Mulwa alikuwa akigonga ardhi, upande wa Tarbaj kule, na ardhi ilikuwa ikijibu vibaya. Mimi nilisikia. Yeye pia alisikia. Lakini yeye aliniuliza mimi, nami nikamjibu uongo, na tangu asubuhi ile sijalaza jiwe mahali popote bila kuisikia sauti ile tena.

Kaa, Hodan. Najua begi lako limeshafungwa, na kesho unakwenda kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kuanza kazi ya ukalimani kliniki, uwe mdomo wa daktari na mdomo wa wagonjwa. Mtaa mzima wa hapa Garissa unajua. Hata yule mwenye tuk-tuk wa hapo nje ameahidi kukupeleka stendi bure, na huyo hajampeleka mtu bure tangu azaliwe. Mimi pia nafurahi. Lakini nina jambo nililolikalia miaka thelathini na minane, na siwezi kukuacha uondoke kabla sijalitoa. Linamhusu ayeeyo yako Sahra, mama wa mama yako, aliyekufa kabla wewe hujawaziwa. Mimina chai. Na usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza.

Nianze na jiwe lenyewe. Wewe umesoma, umewasikia watu wakiita kila kitu jiwe la msingi. Redioni elimu ni jiwe la msingi, amani ni jiwe la msingi, mifugo ni jiwe la msingi la uchumi wetu. Na umeyaona mawe ya wakubwa: bamba lenye jina, kitambaa cha kuvuta, makofi, pilau. Ukienda kaskazini utayakuta mengine yamesimama peke yake nyikani, bamba lipo, jengo halipo, mbuzi wanajikuna hapo. Mimi sisemi hayo. Hayo hayajabeba kitu, hata jina lililoandikwa juu yake.

Jiwe ninalosema ni lile la kona, la kwanza kabisa kulazwa ndani ya mtaro wa msingi. Si lazima liwe kubwa, wala zuri, na nyumba ikiisha hulioni tena. Lakini uzi unafungwa hapo. Uzi mmoja unakwenda huku, mwingine kule, na kila jiwe linalofuata linapangwa kwa uzi huo. Kona ikipotoka upana wa kidole, mwisho wa ukuta umepotoka hatua nzima, na yale mawe ya katikati hayana kosa lolote. Yalifuata uzi.

Mimi nilijua haya ukubwani. Nyumba nilimozaliwa haikuwa na kona. Mama yangu aliijenga kwa mikono yake, kama wanawake wote wa kwetu wakati ule, fito zilizopindwa na mikeka juu yake, na siku ya kuhama aliifungua akaipakia juu ya ngamia. Alipoiona nyumba ya mawe mara ya kwanza aliuliza zile pembe ni za kazi gani, kama si za kufugia nge. Basi ukame ulipotumalizia wanyama, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilikwenda mjini Wajir kutafuta kibarua, na aliyenichukua ni Fundi Mulwa.

Alikuwa Mkamba wa Mwingi, mfupi, Mkristo, mwenye kelele nyingi na moyo mwepesi. Alikuwa akikutukana kwa sababu ya jiwe lililopinda, halafu saa saba anakukatia nusu ya chakula chake. Mwezi wa Ramadhani alijificha nyuma ya rundo la mchanga kunywa maji ili asitutese sisi tuliofunga. Alinifundisha timazi, pima maji, jinsi ya kulisikiliza jiwe kwa nyundo kama lina ufa. Kisomali hakukijua, ila salamu. Kwa hiyo alipotaka mchanga, alipotaka kuelewana na jirani, alipotaka kujua kwa nini mzee fulani amekasirika, alinigeukia mimi. Miaka mitatu nilikuwa mdomo wake na masikio yake. Hakuwahi kumtafuta mwingine aniangalie kama nasema kweli. Ndivyo alivyoniamini.

Sasa ikaja kazi ya kujenga zahanati katika kijiji chetu, upande wa Tarbaj. Koo mbili ziliitaka zahanati ile, sisi na majirani zetu, na wazee walikaa vikao mpaka wakachoka. Mwishowe ikaamuliwa ijengwe upande wetu. Aliyeshinda kwa maneno ni adeer Salat, ndugu wa baba yangu. Siku tulipoanza kuchimba mtaro alinivuta kando akaniambia, “Abdi, watakuja na hila. Asije mtu hapa na hadithi ya ardhi. Umenielewa?” Nikamwambia nimeelewa. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Jambo moja ulielewe, maana ninyi wa mabomba mmelisahau. Kwetu, aliyechimba kisima ndiye mwenye mahali. Kisima kinaitwa kwa jina lake, na hata akifa, hata maji yakikauka, jina hubaki na watoto wake hunywesha mifugo pale mbele ya wengine. Ukisimama mahali ukasema hapa ni kisima cha baba yangu, hujatoa habari tu. Umedai. Watu wamepigana kwa sentensi moja kama hiyo.

Asubuhi ya kulaza jiwe la kona, Fundi Mulwa alishuka mtaroni na mtaimbo. Hakuwahi kulaza kona bila kugonga kwanza. Akagonga kona tatu, sauti ikawa nzito, nzuri. Akaja ya nne, ile ya upande wa magharibi. Akagonga. Akainamisha kichwa. Akagonga tena.

Wakati huohuo alikuja bibi mmoja na fimbo yake. Alikuwa Habiba, mjane, wa ukoo ule mwingine. Alisimama ukingoni mwa mtaro, hakumsalimu adeer Salat aliyekuwa amekaa pale kwenye kiti kama bwana harusi, akanielekea mimi moja kwa moja. Akasema kwa Kisomali, taratibu, “Kijana, mwambie huyu mgeni kwamba kona yake iko juu ya mdomo wa kisima cha Gedi. Mume wangu alikichimba. Maji yalipokuwa machungu tulikijaza matawi ya miiba na samadi, tukafukia, ili mbuzi wasitumbukie. Chini hapo hakuna ardhi.”

Mwanangu, alisema wazi hivyo. Sikukosa kusikia neno hata moja. Lakini katika yote aliyosema, kichwa changu kilishika neno moja tu: Gedi. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo hila. Leo ametaja kisima, kesho atakuja na wazee wake, keshokutwa zahanati ni yao. Nikamtazama adeer Salat. Yeye pia alikuwa amesikia yote. Alinikazia macho.

Fundi Mulwa akaniuliza kutoka kule chini, “Huyo mama anasema nini?”

Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha wakati ule, “Si kitu, fundi. Huyu mama nataka maji tu.”

Unajua alifanya nini? Alitoka mtaroni, akaenda mwenyewe kwenye jerikeni lake, akamimina maji kwenye kopo, akampelekea bibi yule kwa mikono miwili. Habiba alilitazama lile kopo. Kisha akanitazama mimi. Hakuhitaji kujua Kiswahili ili aelewe nilichofanya. Aliliweka kopo chini bila kunywa, akageuka akaenda zake, na fundi akabaki akishangaa kwamba mama wa watu amekasirikia maji.

Akarudi mtaroni, akagonga tena. “Abdi, hapa panalia vibaya. Hapakuwa na shimo hapa?”

“Habana, fundi. Udongo ya huku iko hivyo tu.”

Aliuegemeza mtaimbo kwenye ukingo wa mtaro. Halafu akasema, “Haya, wewe ndiye wa huku,” akaomba simiti.

Jiwe lile nililiinua mimi. Nililiweka juu ya uongo wangu kwa mikono yangu mwenyewe, fundi akalipima, akasema liko sawa. Na lilikuwa sawa kabisa, huwezi kupata jiwe lililolala vizuri kuliko lile. Tukafunga uzi, tukaanza.

Nikwambie kitu kinachoniuma kuliko vyote katika ujenzi ule. Siku ya kwanza, kona ikikosewa, inang'olewa na mtaimbo na kazi iliyopotea ni ya asubuhi moja. Ukifika kozi ya tatu ya mawe, ni wiki. Ukifika kwenye linta, juu ya milango, nani atathubutu? Kila jioni nilitazama ukuta umepanda, na kila jioni ukweli ulikuwa umekuwa mgumu zaidi kutamka. Wiki sita nilijenga juu ya ulimi wangu. Siku ya kumalizia walikuja wakubwa, wakabandika bamba lao la jiwe la msingi karibu na mlango, mbali kabisa na kona ile, wakapiga picha. Adeer Salat alichinja. Nami nikala, tena nikashiba.

Zahanati ikasimama miaka miwili. Mvua ya Aprili ya mwaka uliofuata ilikuwa ya kufa mtu. Ilinyesha siku nne, ikaacha. Siku ya tano jua likatoka, na ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Asubuhi kivuli huwa upande wa magharibi, kwa hiyo akina mama walikaa chini ya ukuta ule, kwenye kona ile.

Sahra alikuwa mmoja wao. Binti wa pekee wa adeer Salat. Mume wake alikuwa ameshafariki, na mama yako Amina alikuwa na miezi miwili. Sahra aliitwa ndani, nesi akamweka mtoto kwenye mizani, akaomba kadi. Kadi ilikuwa kwenye kikapu, na kikapu kilikuwa kimebaki pale kivulini. Sahra akasema, “Nakuja,” akatoka mbio.

Kona ilizama kwanza, wanasema, taratibu, bila kelele. Wengine waliinuka kabla ukuta haujaanguka. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameinama kwenye kikapu.

Tulipoyaondoa mawe, chini palikuwa na shimo, na ndani ya shimo matawi ya miiba yaliyooza. Niliyaona, nikayatambua. Adeer Salat alisimama upande wa pili wa shimo, mikono yake ina damu ya mwanawe, akayaona na yeye. Tulitazamana. Nilingoja anilaani, na naamini na yeye alikuwa akingoja nimlaani. Hatukulizungumza mpaka alipokufa.

Ungesema hapo basi ningesema kweli. Sikusema, mwanangu. Polisi walikuja. Walimleta Fundi Mulwa kutoka kazi nyingine mjini Wajir, akiwa bado na simiti kwenye nywele. Watu walikuwa wakipiga kelele kwamba fundi wa bara ameiba simiti, amejenga kwa mchanga. Afisa akasikia kwamba kuna bibi anajua jambo kuhusu mahali pale. Akamwita Habiba. Akatafuta mtu wa kumtafsiria. Na nani alisukumwa mbele?

Habiba akasema, “Nilisema kabla hawajaanza. Nilimwambia kijana huyu huyu. Mwambie afisa.”

Fundi Mulwa alikuwa amesimama pale, pingu mkononi, akinitazama usoni kama alivyonitazama kila siku kwa miaka mitatu, akingoja nimwambie kilichosemwa. Niliona jela, niliona jina la ukoo wetu, niliona uso wa mama yangu.

Nikasema, “Huyu mama hajui kitu.”

Walimpeleka Garissa. Alifungwa.

Katika matanga ya Sahra, Habiba alikuja kutoa pole, maana msiba ni msiba. Akapita nilipokaa. Sikuthubutu kuinua macho. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. “Mimi nina lugha moja, na yule mgeni ana yake. Mungu alikupa wewe zote mbili, ukatugeuza bubu sote.” Hakuniambia tena kitu mpaka anazikwa.

Mtoto akaja nyumbani kwetu. Mama yangu akamlea, kisha mimi nikamlea. Watu walinisifu, wakasema tazama Abdi alivyo na huruma, analea mtoto wa binti wa adeer yake. Kila sifa iliingia kama mwiba wa mgunga. Mama yako aliponiita baba kwa mara ya kwanza nilitoka nje, nikajifungia chooni, nikalia.

Miaka kumi na mmoja baadaye, nikiwa fundi wa kujitegemea hapa Garissa, nilipiga moyo konde nikaenda Mwingi. Nilimkuta Mulwa amekaa uani, anachambua ndengu kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Nilimuuliza kuhusu kazi, akasema tangu atoke ndani hakuna aliyempa ukuta, maana nani atampa ukuta fundi aliyeua. Alisema bila hasira, akaniita nikae, akamwagiza mke wake chai.

Tukakaa. Akachambua ndengu, akatoa vijiwe, akavitupa. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, “Abdi, yule mama wa siku ile. Alisema nini?”

Miaka yote ile alikuwa akijiuliza swali hilo moja. Nikamwambia, neno kwa neno, kama nilivyokwambia wewe. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga.

Aliuweka ungo chini. Halafu akasema, “Hatua nne.”

Sikuelewa.

“Ningeisogeza nyumba yote hatua nne, upande wa mashariki. Hapakuwa na kitu upande ule. Nafasi ilikuwepo.” Akarudi kwenye ndengu zake. “Ingetuchukua mpaka saa sita mchana.”

Mwanangu, nilidhani nimeshahuzunika vya kutosha. Kumbe nilikuwa sijaanza. Zahanati ingebaki yetu, Habiba hakuwa akidai hata shubiri moja, adeer Salat angebaki na bintiye, mama yako angebaki na mama yake, na huyu mtu angekuwa na nyundo mkononi. Hatua nne. Nikamwomba msamaha. Aliniambia nimalize chai niende kabla vijana wake hawajarudi, maana wao walikua bila baba kwa sababu yangu. Akanisindikiza mpaka barabarani. Msamaha hakuutamka, wala sikuudai. Ameshafariki sasa.

Sasa nikwambie ninachotaka ushike, Hodan. Utakaa kati ya watu wawili ambao hakuna anayemwelewa mwenzake. Daktari atafunga uzi wake kwako, mama mwenye mtoto mgonjwa atafunga uzi wake kwako, na kila kitakachojengwa baada ya hapo, dawa, sindano, upasuaji, kitafuata uzi huo bila kujua. Hawatakuona. Nyumba ikiisha hakuna anayeuliza habari za jiwe la kona. Ndiyo maana ni lazima liwe la kweli, kwa sababu hakuna atakayekuja nyuma yako kulipima.

Kwa hiyo usimpunguzie mtu neno lake, na usimwongezee. Mama akimtukana daktari, tafsiri tusi. Daktari akisema mtoto hataishi, usilainishe mpaka mama aelewe kitu kingine. Usisikie ukoo wa mtu kabla hujasikia anachosema, hilo ndilo lililonimaliza mimi. Mtu wa ukoo mwingine, au mkimbizi usiyemjua, anaweza kusimama mbele yako na jambo la kuokoa roho, nawe ukasikia dai. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, ungali kwenye kozi ya kwanza. Aibu ya asubuhi moja inavumilika. Yangu imetimiza miaka thelathini na minane na bado haijaisha.

Umekiweka kikombe chini. Ni haki yako. Maisha yako yote uliambiwa ayeeyo yako aliuawa na fundi mwizi wa simiti. Fundi yule hakuiba hata kijiko kimoja. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini jina la Mulwa lisafishe kila utakapolisikia.

Nilitaka kukwambia peke yako kwanza, halafu nikaona hapo pia nilikuwa nikitafuta njia ya mkato, nikufanye wewe unisemee kwa mama yako. Hapana. Hili silitafutii mkalimani.

Mungu akupe ulimi ulionyooka, mwanangu. Akupe masikio yasiyochagua, na moyo wa kusema mapema. Maneno ya wanyonge yapite kwako mazima kama yalivyoingia, na nyumba zitakazofungwa uzi kwako zisimame mpaka wajukuu wa wajukuu wako walale ndani yake bila hofu. Amin.

Mama yako yuko jikoni, namsikia. Nenda kamwite.